Nyasi za Masista

Ixelles, 6 Machi 1995

Papa Jémima,

Salamu nitaziweka mwishoni. Leo naanza na nyasi, maana zenyewe hazikusubiri salamu. Uliondoka tarehe kumi Februari, barafu ikiwa bado kwenye vioo vya magari, ukaniambia utamzika mama yako, utagawana shamba na wadogo zako, na kabla nyasi hazijaamka utakuwa umerudi. Basi zimeamka. Jana nilipita Boitsfort, na bustani ya nyumba ya wazee ya Masista imekuwa kijani, nyasi zinafika kwenye kifundo cha mguu.

Sista Anne-Marie amepiga simu. Unamjua, mkuu wa nyumba ile hapigi simu kusalimia. Anasema mkataba wako wa bustani utaangaliwa upya Pentekoste, tarehe nne Juni, siku wanayokaribisha familia za wazee wao kwenye bustani. Kuna kampuni imeshaomba kazi hiyo, ina gari lenye jina ubavuni na wafanyakazi wenye sare. Nyasi zikiwa mbaya siku hiyo, kazi ni yao. Umefanya kazi pale miaka kumi na mmoja, na kila nyumba nyingine unayokata nyasi ilikuja kwa sababu watu waliona bustani ya Masista. Tukiikosa hiyo, nyingine zitaifuata moja moja.

Kwa hiyo nimeamua. Nikimaliza usafi wa ofisi pale Schuman saa tatu asubuhi, nitakwenda Boitsfort kukata mwenyewe. Usicheke. Nililima mlima mzima wa baba yangu kwa jembe kabla hujajua jina langu. Niambie tu mashine inawashwaje, maana nimeivuta ile kamba mara ishirini kibandani na imenikoholea tu.

Bertin anaondoka kesho kwenda Kampala kwenye biashara zake, kisha atapita mpakani Kasindi hadi Butembo. Nampa barua hii mkononi. Jibu mpe mtu yeyote anayekuja huku Ulaya, aliache kwa Antoinette kwenye saluni yake ya Galerie d'Ixelles, nitalichukua. Mtoto wetu Jémima bado yuko Liège na masomo yake ya uuguzi, anakusalimu. Nawe nisalimie wote waliolia pamoja nawe.

Wako,
Kahambu


Butembo, 18 Machi 1995

Maman Jémima,

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani unatania.

Mama tumemzika vizuri. Watu walijaa mpaka barabarani, na kwaya ya mtaa wetu iliimba vizuri, wananiambia, kuliko siku zote. Shamba bado. Wadogo zangu wanabishana, na siwezi kuondoka mimi mkubwa wao nikaacha mambo yananing'inia. Nitakawia kidogo. Watu wa hapa siku hizi wanaongea chini chini, hata sokoni, sijui wamepatwa na nini.

Sasa sikiliza. Mashine yangu usiiguse. Sikudharau, lakini ina tabia zake na mimi ndiye ninayezijua. Petroli ya mwaka jana lazima imwagwe, buji, ile plagi ya kuwashia moto, isuguliwe kwa brashi ya waya, na kamba haivutwi kwa hasira. Halafu ni nzito, na inanguruma kweli. Ndio uzuri wake, mtaa mzima unajua Éliézer yuko kazini. Wewe kuisukuma kwenye mteremko wa Masista, hapana.

Nenda kwa Jean-Pierre, yule wa Bukavu anayekata bustani za Uccle. Mwambie anishikie kazi ya Masista mpaka nirudi. Huna haja ya kumweleza lolote, anajua la kufanya. Wewe ofisi za Schuman zinakutosha.

Mimi mumeo,
Éliézer


Ixelles, 22 Machi 1995

Papa Jémima,

Jibu lako sijalipata na sikulisubiri. Imewaka!

Fundi wa kituo cha petroli aliitoa buji, akaisugua, akanicheka kidogo, na jana Jumanne saa nne asubuhi nikaingia kwa Masista mashine ikinguruma mbele yangu. Nimekuta pembeni kuna mkono mdogo wa kupandisha na kushusha kisu. Nimeushusha mpaka mwisho wake, maana sikwenda kule kucheza. Nimepita mara tatu. Palipobaki vichaka nikamalizia kwa jembe, na ile mimea laini ya kijani inayoota kwenye kivuli, wao wanaiita mousse, nimeikwangua yote na udongo wake. Halafu nikafagia.

Laiti ungeona. Uwanja uko safi kama ua wa marehemu mama yako, sindano ikianguka unaiokota. Nyoka hana pa kujificha. Nilisimama pale nikamkumbuka mama, jinsi alivyoinama na ufagio wake kila asubuhi, nikalia kidogo peke yangu kwa furaha na huzuni. Sista Anne-Marie yuko Namur kwenye mkutano wao, anarudi kesho. Nataka niuone uso wake.

Ila mashine yako ni shetani. Tangu jana masikio yananipigia filimbi, nilikunywa chai na sikuisikia birika ikichemka. Wewe uliwezaje miaka yote hii?

Kahambu wako, mkata nyasi


Ixelles, 29 Machi 1995

Papa Jémima,

Uso wake nimeuona.

Alisimama mlangoni na mkoba wake wa safari, akautazama ule udongo, akaniuliza kwa Kifaransa cha polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, nyasi zimekwenda wapi. Nikamjibu kwamba nimekata. Akakaa kwenye benchi bila kuvua koti. Heri angenigombeza.

Kumbe huku ua safi ni ule wenye nyasi. Kwetu jani likiota mlangoni ni aibu ya mwenye nyumba, mama mkwe akilikuta atalisema mpaka sokoni. Huku jani ndilo wanalolitunza. Nimekaa nchi hii miaka kumi na miwili, kila siku natazama bustani zao kupitia dirisha la tramu, na nilikuwa najisemea tu kwamba hawa watu hawana muda wa kufagia.

Barua yako niliipata jana, imechelewa. Hata hivyo nilikwenda kwa Jean-Pierre kama ulivyosema. Nikamleta mpaka Boitsfort, akaangalia, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema: “Maman, ulikata majani ao ulinyoa kichwa ya matanga? Bon, mi siwezi ingia mu hiyo affaire. Alors, achia tu ile société, ile kampuni, wachukue, mambo imekwisha.”

Sikuachia. Nilirudi kwa Sista nikamwambia kosa ni langu, na mimi ndiye nitakayelirekebisha. Amekubali kungoja Pentekoste kwa masharti mawili. La kwanza, bustani iwe kijani siku hiyo. La pili, kelele ziishe. Wazee wanalala baada ya chakula cha mchana, na kuna mzee wa chumba cha chini anayejifunika mto kichwani mashine ikianza. Anasema walikulalamikia mara nyingi na wewe hukujibu hata siku moja. Nikashangaa, maana nyumbani hukuwahi kuniambia.

Zimebaki siku sitini na saba. Niandikie yote unayoyajua kuhusu nyasi. Niandikie kama unamwandikia mtu ambaye hajawahi kuona jani, na usinitume kwa Jean-Pierre tena.

Kahambu


Butembo, Jumapili ya Matawi, 9 Aprili 1995

Maman Jémima,

Barua zako mbili zimefika pamoja. Nilipofika kwenye neno jembe niliikunja karatasi nikatoka nje. Jembe, kwenye nyasi za Masista! Nilizunguka nyumba ya mama mara mbili, na kila nilipouona ua wake ulivyofagiliwa hasira ikapungua. Mwisho nikacheka peke yangu mpaka shangazi akatoka kunitazama. Kosa ni langu pia. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza tajiri wangu alinipokonya reki mkononi nikiwa nafanya hayo hayo, na sikukuambia kwa sababu ya aibu.

Haya, fanya hivi, na usiruke hata moja.

Mahali ulipokata tu bila jembe, usiogope. Mizizi iko hai, itarudi yenyewe. Mahali pa jembe patakuwa pa kupanda upya. Udongo wa pale ni mzito na unakaa na maji, ndiyo maana mousse inapapenda. Chukua uma wa bustani, uchome ardhini kila hatua moja, uutikise kidogo, uutoe. Uwanja mzima. Mgongo utakuuma, endelea. Kisha pitisha reki juu juu mpaka udongo uwe laini.

Usipande kabla ya Pasaka. Weka kiganja chako chini asubuhi, uhesabu mpaka thelathini. Ukiona baridi inaingia kwenye mifupa, rudi nyumbani. Siku mkono utakapostahimili, panda. Gawa mbegu mafungu mawili, moja tembea nalo kwa urefu, la pili kwa upana, usimwage mahali pamoja kama anayelisha kuku. Funika kidogo kwa reki, funga ubao chini ya kila kiatu, ukanyage pote. Ndege watakuja. Tandaza uzi wenye vipande vya karatasi ya kung'aa. Mwagilia asubuhi, maji kama manyunyu.

Nyasi mpya usiziguse mpaka zifike upana wa kiganja chako, vidole vyote vinne na gumba. Zikiwa zimekauka, si na umande. Kisu kiwe juu kabisa, ukate ncha tu, theluthi moja, si zaidi. Wiki inayofuata hivyo hivyo. Nyasi ukizikata kidogo kidogo zinapanuka kwa chini, ukizikata kwa pupa zinakata tamaa. Na kisu kinolewe kwanza, kisu butu hurarua.

Kuhusu kelele, Masista wanazidisha. Hakuna aliyekuja kuniambia lolote. Shamba bado halijaisha.

Éliézer


Ixelles, 23 Aprili 1995

Papa Jémima,

Barua yako imelowa, imekauka na imelowa tena, kwa sababu naifanyia kazi nayo mfukoni. Nimechoma uma uwanja mzima kwa siku nne. Mgongo umeuma, nimeendelea. Jumatano mkono ulistahimili mpaka thelathini, nikapanda, kwa urefu na kwa upana. Mbao nimezifunga miguuni kwa vipande vya kitenge changu cha zamani, na wazee wakajaa madirishani kunitazama nikikanyaga kama bata.

Siku hiyo Sista Anne-Marie alishuka akakaa kwenye benchi. Akaniuliza, polepole, kama mume wangu ni mtu wa majivuno. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kwa miaka mitano wamekuwa wakikuita kupitia dirishani, mara kahawa iko tayari, mara simamisha mashine kuna mtu anaumwa, na wewe hugeuki hata mashine ikiwa imezimwa. Akasema kampuni hawakuitafuta kwa sababu ya nyasi. Nyasi zako wanazipenda. Walichoka kumwita mtu asiyeitika.

Nikaendelea kukanyaga mbegu.

Lakini kwenye tramu ya kurudi mambo yalikuja yenyewe, moja baada ya jingine. Televisheni ambayo jirani wa juu anaigongea sakafu. Simu, ambayo daima unaniachia mimi, ukisema Kifaransa cha kwenye simu kinakuchosha. Kanisani ulivyohama benchi ukaenda mbele kabisa, chini ya mhubiri, watu wakasema Papa Jémima amekolea imani na mimi nikavimba kichwa. Sitaki kuandika swali langu kwenye karatasi itakayopita mikono ya watu. Nadhani unalijua.

Nakuambia badala yake nilichofanya. Mashine yako nimeipeleka kwa muuza mashine wa Etterbeek. Ameichukua, akanipa nyingine ya umeme, nyekundu, mpya. Ina waya mrefu wa kufika mpaka mwisho wa bustani, unabonyeza kitufe nayo inavuma kama feni, basi. Haina kamba ya kuvuta, haina petroli wala moshi. Niliijaribu kwenye nyasi zilizobaki chini ya miti saa nane mchana, saa ya usingizi wao, na yule mzee wa chumba cha chini hakuamka.

Muuzaji alitaka kunieleza jinsi ya kuchunga waya. Nikamwambia miaka sita nasukuma mashine ya kufyonza vumbi kwenye makorido ya Schuman, ghorofa nne kila asubuhi. Unaanzia kwenye soketi, unakwenda ukiiacha nyuma, waya unabaki upande ulikokwisha kupita. Hilo hakuna wa kunifundisha.

Najua utakasirika. Kasirika, ila rudi ukasirikie hapa.

Kahambu


Butembo, 4 Mei 1995

Maman Jémima,

Umeuza mashine yangu bila kuniuliza. Naandika sentensi hiyo na bado siiamini.

Ile mashine niliinunua mwaka wetu wa pili huko, nilipoacha masomo yaliyonileta na kila mtu wa kwetu mtaani Matonge akasema nimepotea. Nimeifungua na kuifunga tena mpaka naijua skrubu kwa skrubu. Na wewe umeibadilisha kwa feni! Hapa Butembo taa ni za jenereta, inazimika mtu akiwa na kijiko mdomoni. Umeme ukikatika katikati ya uwanja utasukuma nini? Utakata waya siku ya kwanza, urushwe mbele ya Masista wote. Na mashine isiyonguruma, mtu anajuaje kama inafanya kazi?

Sista mwambie mimi si mtu wa majivuno. Mtu akiwa kazini hageuki geuki. Wewe pia acha kuhesabu nakaa benchi gani kanisani.

Shamba bado. Labda Agosti.

Éliézer


Ixelles, 16 Mei 1995

Papa Jémima,

Habari njema kwanza. Zimeota. Tarehe mbili Mei niliona ukungu wa kijani juu ya udongo, nikadhani ni macho yangu. Siku kumi baadaye zilifika kiganja, vidole vinne na gumba. Ijumaa nilisubiri umande ukauke, nikapandisha kisu juu kabisa, nikakata ncha. Harufu yake ilinifanya nisimame.

Waya ulikatwa, ndiyo, lakini si na mimi. Jean-Pierre alisikia nyasi zimerudi akaja kuhakikisha. Akanipokonya mashine ili anionyeshe fundi anavyofanya, akaenda mbele, akageuka, akaupanda waya. Cheche moja, na jiko la Masista lote likazimika supu ikiwa motoni. Alibaki ameshika mpini: “Ah non! Hii kamba inatembea yenyewe! Na mi niko na quinze ans, miaka kumi na tano, ya experience!” Masista walicheka kwa mara ya kwanza tangu niwafahamu. Nimenunua waya mwingine, na kidude cha kuchomeka ukutani kinachokata umeme chenyewe, mtu asirushwe.

Sasa habari nyingine. Bertin amerudi. Nilimkuta kwa Antoinette Jumamosi, nikamuuliza ubishi wa shamba umefika wapi. Akanishangaa: “Mais Maman, ile mambo ya shamba ilikwisha mwezi wa tatu. Walisha gawa, walisha kunywa. Papa Jémima anakaa tu. Batu banamusalimia mu njia, yeye anapita. Banasema Ulaya ilimupa kiburi.”

Nilikaa palepale, Antoinette akaacha kichwa cha mteja akaniletea maji.

Kwa hiyo naandika, na apitishaye barua asome akitaka. Papa Jémima, husikii. Umeficha kwangu, mke wako wa miaka ishirini na miwili, ukaniacha nidhani umekuwa mtakatifu. Umeficha kwa Masista wakadhani unawadharau, na sasa umejificha kwenu, nao wanadhani hivyo hivyo. Masikio yako hayanikasirishi. Kinachonikasirisha ni uongo wa shamba. Nimelala karibu miezi miwili nikimlaani mdogo wako anayekufuata, asiye na kosa.

Masikio yangu yalipiga filimbi siku tatu kwa kukata mara moja tu. Wewe umetembea nyuma ya ile mashine miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyekuambia uyafunike, hata mimi sikukuambia. Naumia nikifikiria. Lakini sitaiacha bustani, na wewe sikuachi huko.

Nijibu. Usiniandikie habari za shamba.

Kahambu


Ixelles, 5 Juni 1995

Papa Jémima,

Kwa Antoinette hakuna kitu. Wiki tatu napita kila jioni nikitoka Boitsfort, sasa akiniona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Jana ilikuwa Pentekoste. Jumamosi nilikata mara ya mwisho, wiki ya nne mfululizo, ncha tu, na kingo nikazinyoosha kwa mkasi nikiwa nimepiga magoti. Mvua ilitishia asubuhi ikaenda zake. Familia zilikuja na keki zao, wakatandika mablanketi juu ya nyasi bila kuuliza, na hiyo ndiyo sifa yenyewe. Yule mzee wa chumba cha chini walimtoa kwa kiti chake cha magurudumu. Alivua viatu akaweka nyayo chini.

Wageni walipoondoka Sista Anne-Marie aliniita ofisini. Kabla hajafungua faili nikamwambia kwanza nina neno. Nikamwambia mume wangu hakuwa na majivuno, mume wangu hasikii, na mashine iliyowakera wao ndiyo iliyomla masikio. Aliweka kalamu mezani. Akasema: miaka mitano nilimwita kutoka dirishani, na sikushuka ngazi hata siku moja. Macho yake yalilowa, Papa Jémima. Yangu pia.

Kazi ni yetu, miaka mitatu. Nimeomba mkataba uandikwe kwa jina langu, na umeandikwa. Mkata nyasi mkuu ni mimi. Lakini bustani ile ina kazi ya watu wawili. Waridi sijui kuyapogoa, ua wa miti sijui kuunyoosha, na sehemu ya chini karibu na ukuta mousse imeanza kurudi na sijui kwa nini. Kila kitu nilichokifanya nilikifanya kwa barua yako ya Jumapili ya Matawi, na barua hiyo imefika mwisho wake.

Nafasi ya mtu wa pili iko wazi mpaka tarehe mosi Julai. Baada ya hapo namchukua Jean-Pierre, naye atanikatia waya kila wiki, na lawama zitakuwa juu yako.

Nakusubiri,
Kahambu


Butembo, 17 Juni 1995

Kahambu,

Sisikii.

Sikio la kushoto lilikufa mwaka juzi. La kulia linapata sauti za watu kama wako ndani ya pipa, na maneno yenyewe nayasoma midomoni, ukiwa karibu na ukiwa unanitazama. Nilijua siku tramu iliposimama nyuma yangu pale Boitsfort, nikageuka kwa bahati tu, nikamwona dereva akinitukana kwa mikono. Sikukuambia jioni ile, na kesho yake ikawa vigumu zaidi. Nilijiambia mtunza bustani asiyeitika akiitwa hataitwa mara nyingi. Mashine ile ndiyo kitu cha mwisho nilichokuwa nakisikia sawasawa, ndiyo maana ulipoiuza niliona umenifungia mlango.

Wiki tatu nilizokaa kimya nilikuwa na barua yako mfukoni. Kwenye kikao cha shamba nilitikisa kichwa kwa kila aliyesema, na nimepata kipande cha juu kwenye mawe, sijui nani alikipendekeza. Juzi nilimwita mdogo wangu nikamweleza ukweli, nikamwomba radhi kwa niaba yako pia. Alinishika bega, akaja mbele yangu, akanisalimia upya.

Mousse ya karibu na ukuta usiiguse, nataka kuiona kwanza.

Nakuja kufanya kazi kwako. Naondoka Entebbe tarehe ishirini na nane, kesho yake asubuhi nitakuwa uwanja wa ndege wa Zaventem. Nakujua, utasimama nyuma ya vizuizi na kuliita jina langu mpaka askari wageuke. Usiniite. Nitapita mbele yako kama mtu wa majivuno. Vuka, uje mpaka nilipo, unishike mkono.

Éliézer